Mwalimu Aliyeanza na Viatu

Mwalimu alianza na viatu. Amchore nani, awe fundi cherehani, muuza juisi au yaya aliyempakata mtoto wa bosi wake, jicho lake lilishuka kwanza hadi chini, likatua miguuni, likakaa huko kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Uso umefundishwa kusema uongo tangu utotoni," alituambia. "Kiatu hakijafundishwa na mtu." Viatu vikishakaa sawasawa kwenye karatasi ndipo alipopanda: magoti, mikono, mabega. Kichwa kilikuja mwisho kabisa, na mara nyingine hakikuja. Chumbani kwake zilijaa picha za watu wasio na vichwa, na bado kila mmoja ungemtambua ukikutana naye barabarani.

Hata mimi nilijuana naye kwa viatu. Wakati huo nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja ya ufukweni, na kulala nalala Najma, mtaa mmoja wa Doha, pamoja na wenzangu, kwenye jengo la zamani ambalo chini yake palikuwa na duka la chai. Ijumaa moja, baada ya zamu ya asubuhi, nilikaa kwenye benchi la duka hilo nikinywa karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki ambayo Doha nzima inaishi nayo. Ng'ambo ya kichochoro alikuwa amekaa mzungu mzee juu ya kreti ya soda, kofia ya ukili kichwani, anaandika kitu huku anatazama, anatazama huku anaandika. Mwenye duka alikwisha kuamini kwamba huyo ni mkaguzi wa baladia, yaani manispaa. Alikuwa amefuta meza zote, amefunika sukari, na sasa anafuta hata ukuta.

Mimi niliona kingine. Niliona mzee yule ananitazama miguu.

"We mzee, huna haya?" nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ambayo haihitaji kutafsiriwa.

Akasimama, akavua kofia, akavuka kichochoro na kunigeuzia karatasi. Vilikuwa viatu vyangu vya kazi. Kimoja kimelalia upande kwa sababu ndivyo ninavyotembea, kingine kimefunguka mdomo kidogo mbele, na juu yake soksi iliyoteremka. Nilikuwa nimesimama na viatu vile tangu alfajiri nikitandika vitanda vya watu, na sikuwa nimemlalamikia mtu yeyote. Karatasi ile ilikuwa imelalamika kwa niaba yangu.

Akaniuliza kwa Kiingereza chake kizito, "Uliyechoka ni wewe au ni viatu?"

"Wote," nikamjibu.

Alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Akanionyesha dirisha la juu ya duka la fundi cherehani, akasema huko ndiko anakofundisha kuchora kila Ijumaa baada ya sala, na kwamba kuna stuli moja haina mtu. Ndivyo nilivyoanza. Sikuwa nimeshika penseli ya kuchorea tangu shule ya msingi Tanga, na hata huko nilichora ramani tu.

Alikuwa Mrusi. Hilo lilijulikana mtaa mzima, ingawa wengi walidhani ni Mjerumani na muuza nyama mmoja alishikilia hadi mwisho kwamba ni Mturuki. Watu wa Najma walimwita ustadhi, Wafilipino walimwita "sir", sisi tulimwita Mwalimu. Yeye jina langu, Mwanahamisi, lilimshinda kabisa. Alilishika mwanzo wake tu, akawa ananiita Mwana. Nilipomweleza maana yake alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Basi vizuri," akasema, "nilikuwa na wasiwasi kwamba nimeshazeeka bila wajukuu wa kutosha."

Kiswahili alijifunza kwa Nyambura, muuguzi kutoka Nakuru aliyekuwa anakaa stuli ya pembeni yangu. Nyambura alikuwa akimwambia "pole" kila alipojikata kwa wembe wa kuchongea penseli, jambo ambalo lilitokea karibu kila wiki. Mwalimu akalipenda neno lile kupita kiasi. Akalitumia kwa salamu, kwa kushukuru, kwa kusifia chakula. Aliingia darasani mikono imefunguliwa akipaza sauti, "Pole sana, wote!" Siku mmoja wetu alipotangaza kwamba amechumbiwa, Mwalimu alimshika mikono yote miwili, macho yanamlengalenga, akamwambia pole kwa moyo wake wote.

"Mwalimu, hiyo si ya harusi," Nyambura akamwambia.

"Una uhakika?" akauliza, akamtazama mkewe aliyekuwa dirishani.

Mkewe alikuwa mpiga fidla. Yeye hasa ndiye aliyepata kazi Doha, katika okestra, na Mwalimu alipenda kuwaambia watu kwamba alisafirishwa kama sehemu ya mizigo yake: sanduku la nguo, fidla, mume. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, anayesema kidogo na kila akisema mtu anakaa sawa. Mara kwa mara alikuja darasani na fidla yake, akakaa dirishani, akafanya mazoezi huku tukichora. Ukimchora vibaya hakukasirika. Alikuja, akaangalia, akasema, "Huyu ni dada yangu mkubwa, simpendi," kisha akarudi dirishani.

Darasa lenyewe lilikuwa la ajabu. Chumba kimoja, kiyoyozi kinachonguruma kama jenereta, harufu ya mafuta ya rangi juu ya harufu ya pasi ya mvuke kutoka kwa fundi. Tulikuwa wauguzi, walinzi, wahudumu wa mikahawa, mhasibu mmoja wa Kihindi, na dereva mmoja wa Unguja, mtu mzima, aliyetangulia kumwambia Mwalimu siku ya kwanza kabisa kwamba yeye hatachora mtu wala mnyama, dini yake haimruhusu, na kama hilo haliwezekani atashuka zake ngazi kwa amani. Tulisubiri ugomvi, maana Mwalimu alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Hakubisha. Aliondoka, akarudi na birika la chai aliloazima chini, limepinda mdomo, masizi tako zima, akaliweka juu ya meza karibu na mwanga.

"Hili limehudumia watu wengi kuliko mimi," akasema. "Lichore kwa heshima."

Yule dereva alichora mabirika, ndoo, milango na makubazi kwa muda wote niliokuwa pale, na yalikuwa mazuri kiasi kwamba Mwalimu aliomba moja, akalitundika nyumbani kwake. Huyo ndiye Mwalimu mpole. Mwalimu mwingine alikuwa yule asiyeweza kusimama kwenye foleni. Kwetu alihubiri subira: tazama kwa muda mrefu, chora kidogo, usifute, kosa lako libaki lilipo ulione. Lakini mpeleke benki. Watu watatu tu mbele yake, na tayari anahema, anahamisha uzito mguu huu mguu ule, anamwuliza mlinzi kama kuna mlango mwingine. Na suala la kutofuta? Sisi alitunyang'anya raba mlangoni kama mwalimu wa zamu anavyonyang'anya simu. Yeye nilimshuhudia akikwangua turubai zima kwa kisu kwa sababu mkono wa mwanamke mmoja ulikuwa, kwa maneno yake, "unajifanya."

"Mbona wewe unafuta?" nikamwuliza.

"Mimi nilishakosea vya kutosha. Ninyi bado."

Vipande vya maisha yake ya nyuma tulivipata kidogo kidogo, kwa kawaida wakati wa chai. Alifundishwa katika chuo kikubwa cha sanaa, ambako walimu wake walitaka wachore mambo makubwa: vita, mashujaa, wafalme walioanguka. Yeye alichora wanawake wanaosubiri treni. Wakamwambia achore historia. Akachora wanaume wanaopima suruali sokoni katikati ya theluji, wamesimama juu ya kipande cha boksi ili miguu isigande. "Niliwaambia, hii ndiyo historia, ila bado haijavaa." Alipewa alama ndogo. Baadaye akawa mwalimu katika mji wenye mto mpana, akafundisha watoto wa wafanyakazi wa kiwandani kwa miaka mingi sana, na picha zake zikaanza kuingia makumbusho madogo ya mikoani. Moja ilitundikwa kwenye ukumbi wa kuvulia makoti, karibu na choo. Aliisimulia habari hiyo kwa fahari kuu. Picha za mashujaa zilikuwa ghorofani ambako watu walipita haraka. Mbele ya ile ya kwake kila mtu alisimama, kwa sababu ama anamsubiri mke ama anatafuta tiketi ya koti lake.

Doha haikujua la kufanya na mchoraji wa namna hiyo. The Pearl, kwenye majumba yale yaliyojengwa juu ya bahari, alifundisha watoto wa matajiri kuchora, na wazazi wao walimwomba farasi. Farasi na kozi, yule ndege wa kuwindia. Alilalamika siku zote kuhusu kozi. Ndege mwenye uso wa mkurugenzi, alisema. Kisha siku moja tulimbebea fremu hadi kwa mteja mmoja, mimi na Nyambura, tukaifunua picha ya kozi aliyoichora. Ndege alikuwa amechorwa kwa upole kiasi kwamba uliweza kuhisi joto la kifua chake. Pembeni, chini kabisa, mahali ambapo mteja pengine hakutazama, zilionekana kandambili za mtumishi aliyemshika.

"Si ulisema unawachukia?" Nyambura akamwuliza.

"Nawachukia," akajibu. "Huyu mmoja tulizoeana."

Lakini jambo ambalo watu wa darasa lile hulikumbuka kila tukikutana ni la Shaibu.

Shaibu alikuwa mlinzi, kijana wa Mtwara, mrefu, mcheshi, anayetuma kwao kila anachopata na bado ananyoosha shati lake kama anakwenda harusini. Hakuwa mwanafunzi. Alipita tu kuwasalimia Watanzania, akala mandazi, akaondoka. Jengo alilolinda lilikuwa mtaa wa nyuma, na Mwalimu alikuwa amemchora mara nyingi bila yeye kujali.

Kwa karibu mwaka mzima Mwalimu alikuwa anachora turubai moja kubwa, kubwa kuliko mlango, ikabidi lipitishwe dirishani. Ilikuwa Najma saa za mchana wakati wa joto. Duka la chai. Mwanamke kaketi benchini kavua viatu, na huyo ni mimi. Muuguzi anaongea na simu huku anacheka. Fundi yupo mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Na katikati ya yote, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, mlinzi amelala. Kofia imeteremka, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani kama samaki wawili. Ukimtazama usingizi unakupata. Ilikuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na Mwalimu alijua.

Picha hiyo ikachaguliwa kuingia kwenye maonyesho, katika ukumbi mmoja mkubwa wa mjini. Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa mara ya kwanza Doha kuonyeshwa kitu chake ambacho hakina mabawa wala kwato. Alinunua suruali mpya. Mkewe alimkata nywele.

Siku moja kabla ya ufunguzi Shaibu akanipigia simu, anahema.

"Dada Mwana, nisaidie. Nitoe kwenye picha."

"Picha gani?"

"Wamenipanga kulinda ukumbi wa maonyesho. Nimeingia asubuhi, nageuka hivi, najiona ukutani nimelala! Nguo za kampuni, beji ya kampuni, kila kitu. Na kesho mudiri wetu mwenyewe, mkuu wa kampuni, anakuja, amealikwa. Nitasimama hapa namlinda nani? Najilinda mwenyewe nimelala? Dada, nitarudishwa Mtwara."

Nilianza kucheka, halafu nikaacha, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika. Kwa mlinzi, kulala kazini si kichekesho. Nilimjua mwenzake aliyepandishwa ndege kwa kosa hilo hilo.

Nikamchukua Nyambura, tukaenda nyumbani kwa Mwalimu. Alitusikiliza akiwa amesimama, suruali mpya imekunjwa kwenye mkono wake.

"Hapana," akasema.

"Mwalimu, atafukuzwa kazi."

"Alilala. Mimi sikumlaza. Joto lile, zamu ndefu vile, nani asingelala? Hiyo ndiyo picha. Ukimwondoa, inabaki kadi ya posta."

"Sasa Mwalimu, hiyo picha italisha mamake?" Nyambura akamwuliza. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa sare, na alipochoka Nyambura hakuchagua maneno. "Wewe ukikosea unakwangua na kisu. Yeye akikosewa, nani atamkwangulia?"

Mwalimu akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema maisha yake yote amekataa watu kumwambia nani aondolewe kwenye picha. Walimwambia hivyo chuoni, walimwambia hivyo makumbusho, alikataa akiwa na njaa, hataanza kukubali leo ameshiba. Na niseme kweli, nilimwelewa. Alikuwa anasema jambo ambalo amelilipia.

Mkewe alikuwa kochini anafuta fidla kwa kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Waambie habari ya harusi," akasema.

"Hiyo ni tofauti."

"Waambie."

Basi akatueleza, kwa shida, akitazama sakafu. Zamani, huko kwao, alichora harusi ya rafiki yake mkubwa. Bwana harusi alikuwa amelewa akalala mezani kabla ya keki, na Mwalimu akamchora hivyo hivyo, amelala kati ya sahani, bibi harusi kakaa wima pembeni yake anatazama mbele. Ilikuwa picha ya kweli. Ilisifiwa mno. Mji mzima ukaiona, ukacheka. Rafiki yake alimwomba aiondoe, akakataa kwa maneno haya haya. Hawakusemezana tena.

"Na alikufa?" nikauliza.

"Hapana," mkewe akajibu. "Ana afya nzuri. Anafuga nyuki. Kila mwaka mume wangu anaandika kadi ya kumtakia heri, na haipeleki posta."

Mwalimu aliitundika suruali yake nyuma ya kiti taratibu sana. Kisha akatuambia twende tukalale.

Asubuhi aliniita nije ukumbini mapema. Nilimkuta ameshafika, kofia ya ukili kichwani, sanduku la rangi mkononi, anamsalimia Shaibu mlangoni. "Pole sana!" akamwambia, na kwa mara ya kwanza neno lilikuwa mahali pake. Wasimamizi walimruhusu aguse picha yake kabla watu hawajaja. Akamwambia Shaibu aende chooni akalete kioo kama kipo. Hakikuwepo cha kubebeka. Nikatoa kile kidogo cha kwenye mkoba wangu. Shaibu akakishika juu, na Mwalimu akaanza kutazama kioo na turubai, kioo na turubai.

"Mzee anafanya nini?" Shaibu akaninong'oneza.

Sikujua. Niliona tu anafunika ile ngozi nyeusi nzuri ya shavuni, na moyo uliniuma, maana alikuwa amehangaika nayo majuma mengi. Kisha ukatokea wekundu. Kisha ndevu nyeupe. Kisha pua ile, ambayo hakuna nyingine kama hiyo Qatar nzima. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache. Kwenye kiti cha plastiki, ndani ya sare ya mlinzi, kofia imeteremka na mdomo wazi kidogo, alikuwa amelala Mrusi mzee.

Shaibu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sijui mwisho wa kicheko ulikuwa wapi na mwanzo wa machozi ulikuwa wapi.

Jioni ukumbi ulijaa. Mudiri wa kampuni ya ulinzi alifika na suti, akazunguka, akafika mbele ya picha ile, akasimama. Akainama. Akasoma beji.

"Hii si sare yetu?" akauliza kwa sauti. "Huyu ni nani analala na sare yetu?"

Shaibu alikuwa amesimama pale pale ukutani, wima kama nguzo, hapepesi macho. Mimi nilishika mkono wa Nyambura.

"Ni mume wangu," mpiga fidla akasema kutoka nyuma. "Analala popote. Hata kwenye maonyesho yangu."

Mudiri akageuka, akamwona Mwalimu, akarudisha macho kwenye picha, akamwona tena. Akaangua kicheko kikubwa ambacho kilivuta nusu ya ukumbi. Akataka kupiga picha naye mbele ya turubai. Akatoa simu yake, akatazama huku na huku akitafuta wa kumpa, akampa Shaibu.

"Tupige vizuri," akamwambia. "Na wewe uwe macho, usiwe kama huyu."

"Ndiyo, mudiri," Shaibu akasema.

Tulipokuwa tunaondoka nilidhani Shaibu atakuwa na furaha tupu. Alikuwa na furaha, lakini alikuwa pia na kitu kingine. Aliniambia, "Dada, mara ya kwanza nawekwa kwenye picha kubwa namna ile, na sipo." Nikampelekea Mwalimu maneno hayo. Mwalimu akamwita, akamsogeza karibu na turubai, akamwonyesha chini.

"Mikono sikuigusa," akasema. "Mikono ni yako. Mimi sina mikono mizuri kama hiyo."

Shaibu aliipiga picha mikono ile peke yake, akamtumia mama yake Mtwara bila kumwandikia neno. Jibu lilikuja kabla hatujafika kituo cha metro, ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mbona unalala mchana? Unaumwa?"

Mwaka ule, aliniambia mkewe, kadi ya yule mfuga nyuki ilipelekwa posta. Kama ilijibiwa sikuwahi kusikia.

Baadaye mambo yalitawanyika kama kawaida ya Doha. Jengo la Najma lilibomolewa, fundi akahamia kwingine, Nyambura akapata kazi katika hospitali kubwa zaidi. Mimi nilitoka hotelini. Nilipata nafasi katika shule moja ya watoto wadogo, kwanza kama msaidizi, kisha wakaona nachora ubaoni wakaniambia nifundishe somo la sanaa. Ijumaa zangu zikajaa. Mwalimu na mkewe walihamia Al Thumama, na tukawa watu wa kutumiana salamu za sikukuu kwenye simu.

Juzi juzi hapa mkewe akanipigia. "Njoo," akasema. "Ameanguka, na anamsumbua kila mtu."

Nilikwenda na moyo juu. Nilimkuta kochini, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu hadi kiwiko, uso unang'aa kama wa mtoto aliyeiba jamu. Alikuwa ameanguka kwenye uwanja wa barafu, ule ulio ndani ya duka moja kubwa la mjini. Alikwenda kununua taa, akaona watoto wanateleza na viatu vya vyuma, akakumbuka kwamba yeye ni Mrusi.

"Mara mbili nilizunguka," akaniambia. "Vizuri sana. Nikamwonyesha binti mmoja namna ya kurudi kinyumenyume."

"Na yeye alirudi kinyumenyume?"

"Yeye ndiyo."

Ndege zilipita juu ya nyumba, moja baada ya nyingine, na kila moja ilipopita tulinyamaza hadi imalize. Mkewe alituletea chai akaenda chumba cha pili, ambako tukamsikia anaanza mazoezi. Hapo ndipo Mwalimu aliponiambia, bila kicheko, kwamba daktari amesema kifundo cha mkono kitapona lakini hakitakuwa laini tena. Kwa kula kitatosha. Kwa kuchora, asitegemee sana. Alisema hivyo akitazama plasta kama anatazama mgeni asiyeaga.

Nikasema pole, nayo ilisikika ndogo.

"Subiri," akasema. "Kaa hapo. Hapo hapo, usijipange."

Akavuta ubao kwa mkono wa kushoto, akaubana kwa goti, akashika penseli kwa ngumi, namna watoto wangu wa darasa la kwanza wanavyoishika. Nilikaa. Ulimi ulikuwa umemtoka kidogo pembeni ya mdomo. Mstari ulikwenda, ukakwama, ukapotoka, akaguna, akaufuata ulikokwenda. Alitumia muda mwingi. Chai ilipoa. Fidla ilirudia kipande kimoja, tena na tena, ikikosea mahali pale pale.

Mwishowe akageuza ubao.

Alikuwa amenichora mimi, hilo halikuwa na shaka. Lakini mistari ilitetemeka kama ya mtu anayeandika ndani ya gari. Hakukuwa na ule ujuzi wake wa zamani hata mahali pamoja. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo nayajua sasa, kwa sababu nayaona kila siku shuleni, mtoto anaponiletea karatasi yake na kusimama pembeni ya meza yangu.

"Nzuri, Mwalimu," nikasema.

"Mwana," akasema. "Nimekuuliza kama ni nzuri?"

Miaka yote ile sikuwa nimewahi kusema juu ya kazi yake zaidi ya neno hilo moja. Chumba cha pili fidla ilinyamaza. Nikaitazama picha tena, safari hii kama ninavyozitazama za watoto, polepole, kutoka pembe hadi pembe.

"Shingo ni ndefu mno," nikamwambia. "Na bega hili limepanda. Bega langu haliko huko."

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaitazama picha.

"Wapi?" akauliza.

Akasogea kwenye kochi, akaniachia nafasi, akanipa penseli.